Jinsi ya kusoma utabiri wa bahari za tropiki kabla ya kung'oa nanga

Maswali ya mabaharia wapya ni yaleyale. Simu ilionyesha upepo wa noti 8, imekuwaje tukapigwa na upepo wa 35? Mawimbi ya mita moja na nusu ni makubwa au ni ya kawaida? Programu ipi ndiyo ya kuaminika? Kimbunga kiko maili 400 kutoka hapa, niondoke au nisubiri? Majibu nimeyapanga hapa kwa kufuata kazi yenyewe inavyofanyika, tangu siku chache kabla ya safari hadi ukiwa katikati ya maji.

Nawalenga wenye vyombo vidogo: mashua za uvuvi, boti za matanga, boti za injini. Maji ninayoyazungumzia ni ya tropiki, takribani kutoka nyuzi 23.5 kaskazini ya Ikweta hadi nyuzi 23.5 kusini. Nasisitiza hili kwa sababu vitabu vingi vya hali ya hewa baharini vimeandikwa na watu wa bahari za baridi, ambako mtu hutazama ramani ya mgandamizo wa hewa akauona upepo wote humo. Katika tropiki ramani ya namna hiyo inaweza kuwa na mistari miwili mitatu tu, na chini yake kukawa na radi, mvua isiyoona mbele na upepo wa kuchana tanga.

Unachohitaji kabla ya kuanza

- Daftari na kalamu. Utalinganisha kilichotabiriwa na kilichotokea, na kumbukumbu ya kichwani haifai kwa kazi hiyo.
- Barometa, ya mshale au ya kielektroniki. Baadhi ya simu zina kipimo cha mgandamizo wa hewa ndani yake. Inatosha, mradi namba uziandike.
- Taarifa rasmi ya bahari ya mamlaka ya hali ya hewa inayohusika na maji unayopita.
- Programu inayokuonyesha modeli zaidi ya moja ya kompyuta, yaani hesabu zinazotabiri hali ya hewa. Windy ni mfano unaojulikana na wengi.
- Njia ya kupata picha za satelaiti, hasa za infraredi, kwa sababu hizo huonekana mchana na usiku.
- Jedwali la maji kujaa na kupwa.
- Redio ya VHF. Kwa safari ya mbali na pwani, ongeza kipokezi cha NAVTEX (hupokea taarifa za bahari kwa maandishi kupitia redio) au chombo cha mawasiliano ya satelaiti.

Vipimo viwili vya kuzoea: noti moja ni maili moja ya baharini kwa saa, na maili ya baharini ni mita 1,852. Kwa hiyo noti 20 ni kama kilomita 37 kwa saa. Mwongozo huu ukisema maili, ni maili za baharini.

Hatua ya 1: Andika mipaka yako kabla ya kufungua programu

Hii wengi huiruka, nami naiweka mbele ya zote. Keti na watu wa chombo chako, mkiwa nchi kavu na hakuna anayewaharakisha, muandike: hatutoki upepo ukizidi noti kadhaa, mawimbi yakizidi kimo fulani, au kipindi cha mawimbi (sekunde kati ya wimbi moja na linalofuata) kikiwa kifupi kuliko sekunde kadhaa. Mashua ya wazi yenye injini moja na boti ya matanga yenye sitaha iliyofunikwa haziwezi kuwa na mipaka sawa. Mipaka ya chombo kilekile pia hubadilika kwa watu waliomo: mabaharia wazoefu watatu ni habari moja, abiria wenye watoto ni nyingine kabisa.

Sababu ya kuandika mapema ni nyepesi. Mtu aliyekwisha kununua mafuta na barafu huona noti 22 kwenye skrini akaisoma kama 18.

Hatua ya 2: Weka saa sawa

Taarifa za bahari hutolewa kwa saa za UTC, yaani saa moja inayotumika dunia nzima. Aliye katika ukanda wa saa wa +3 akisoma 1200 UTC akadhani ni saa sita mchana, atautarajia upepo saa tatu kabla ya wakati wake, maana 1200 UTC kwake ni saa tisa alasiri. Wapo pia wanaoongeza kosa juu ya kosa: wanaona 0600 wakasoma saa sita. Kwa mtu huyohuyo wa +3, 0600 UTC ni saa tatu asubuhi. Andika juu ya kila ukurasa wa daftari tofauti yako na UTC.

Angalia pia utabiri ulianza kupigwa hesabu lini. Modeli kubwa huanza upya saa 00, 06, 12 na 18 UTC, na matokeo hutoka baada ya saa kadhaa. Simu isiyokuwa na mtandao itakuonyesha utabiri wa jana bila kukuambia neno.

Hatua ya 3: Soma maonyo kwanza

Bahari za dunia zimegawanywa katika maeneo 21 yanayoitwa METAREA, na kila eneo lina nchi yenye jukumu la kuandaa taarifa za hali ya hewa kwa vyombo vilivyo bahari kuu. Taarifa hizo zina mpangilio mmoja: maonyo, kisha picha ya jumla ya hewa, kisha utabiri wa kila sehemu. Karibu na pwani hupokewa kwa NAVTEX kwenye masafa ya 518 kHz. Mbali zaidi huja kwa satelaiti.

Namba tatu za kukariri ni 34, 48 na 64. Upepo wa wastani ukifika noti 34 ni onyo la upepo mkali, 48 ni la dhoruba, na 64 ni nguvu ya kimbunga kamili. Kwa chombo kidogo hata ile ya kwanza imepita kiasi.

Onyo: kukiwa na tahadhari inayogusa njia yako, kazi ya siku hiyo imekwisha. Usiendelee na hatua zinazofuata ukitafuta modeli itakayokupa jibu unalolipenda. Na ipo siku utaipata, kwa sababu modeli ni nyingi.

Hatua ya 4: Jua msimu na mahali ulipo ukanda wa mvua

Kabla ya kutazama kesho, jua wakati huu wa mwaka bahari yako hufanya nini. Sehemu kubwa ya tropiki ina pepo za kudumu zitokazo mashariki: kaskazini-mashariki upande wa juu wa Ikweta, kusini-mashariki upande wa chini. Mahali pepo hizo zinapokutana pana ukanda wa mawingu mazito na mvua, ambao hupanda kaskazini kati ya Julai na Septemba na kushuka kusini kati ya Januari na Machi. Katika Atlantiki na mashariki ya Pasifiki ukanda huo hukaa kaskazini ya Ikweta karibu mwaka mzima.

Bahari ya Hindi ina tabia yake, nayo ni kugeuka kwa upepo: kaskazi miezi ya Desemba hadi Machi, kusi kuanzia Mei hadi Septemba au zaidi, na katikati yake majira ya maleleji ambapo upepo hauna mwenyewe. Kusi ikishika, pwani ya Somalia na maji ya Sokotra huwa miongoni mwa sehemu zenye upepo mkali kuliko zote za tropiki. Mwezi Julai noti 30 na zaidi huko ni jambo la kawaida, hata kama hakuna kimbunga chochote.

Fungua picha ya satelaiti uutafute ukanda wa mvua ulipo leo. Ukiwa ndani yake au ukitaka kuuvuka, hatua ya 7 ndiyo itakayokuhusu kuliko zote.

Hatua ya 5: Soma upepo

Mwelekeo unaoandikwa ni wa upepo unakotoka. Mkondo wa maji huandikwa kinyume, yaani unakokwenda. Ukiyachanganya haya mawili, hesabu yako yote itageuka juu chini.

Namba ya upepo ni wastani, kwa kawaida wa dakika 10, kwenye kimo cha mita 10 juu ya maji. Upepo wa ghafla juu ya wastani huo unaweza kuzidi kwa asilimia 40 hata kukiwa hakuna wingu la kutisha. Kwa hiyo ukisoma noti 18, panga kwa 25.

Sasa linganisha modeli mbili. Zinazotumika zaidi ni GFS ya Marekani na ile ya kituo cha Ulaya kiitwacho ECMWF. Hapa pana kosa ambalo nimelikuta mara nyingi: mtu ana programu tatu kwenye simu, zote zinasema noti 12, anaridhika kwamba vyanzo vitatu vimekubaliana. Kumbe zote tatu zinachota GFS. Tafuta kwenye mipangilio ya programu jina la modeli inayotumika. Modeli mbili tofauti zikikubaliana ndani ya noti 4 au 5 na ndani ya saa 6, imani yako iongezeke. Zikitofautiana zaidi, chukua ile mbaya.

Siku tatu za mwanzo zina uzito. Kuanzia siku ya tano ni mwelekeo tu, na baada ya siku ya saba usipange safari juu yake.

Hatua ya 6: Soma mawimbi, na usiishie kwenye kimo

Kimo kinachoandikwa kwenye utabiri ni wastani wa theluthi moja ya mawimbi, ile theluthi ya makubwa. Maana yake ni kwamba utakutana na makubwa kuliko hayo, na katika saa kadhaa za safari moja linaweza kufika karibu mara mbili. Utabiri wa mita 2 una wimbi la karibu mita 4 ndani yake, likisubiri zamu yake.

Lakini kimo ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kipindi: sekunde zinazopita kati ya mgongo mmoja wa wimbi na unaofuata. Mawimbi ya upepo wa hapo ulipo yana kipindi kifupi, sekunde 4 hadi 8. Mawimbi ya mbali, yaliyozaliwa na dhoruba maelfu ya maili kutoka kwako, huja na sekunde 12 hadi 18 na pengine zaidi.

Chukua mita 1.5 kwa sekunde 5. Kutoka mgongo hadi mgongo ni kama mita 39. Ni kuta fupi, zenye vichwa vinavyovunjika, omo inapiga chini kila baada ya pumzi mbili. Mashua ya mita 7 itateseka. Sasa chukua mita 2 kwa sekunde 16. Urefu wake kutoka mgongo hadi mgongo ni karibu mita 400, na ukiwa kilindini utapanda na kushuka bila hata kumwaga chai. Namba kubwa, bahari rahisi.

Rahisi, mpaka ufike kwenye mwamba. Wimbi huanza kuhisi sakafu ya bahari kwenye kina cha nusu ya urefu wake. La sekunde 8 huhisi chini kwenye mita 50. La sekunde 16 huhisi kwenye mita 200, likaanza kupunguza mwendo na kusimama. Linapofika kwenye mlango wa mwamba au mdomo wa mto huwa limeinuka kuliko kimo kilichoandikwa, nalo huvunjika kwa uzito wote. Huja kwa mafungu: dakika kumi kimya, kisha matano au sita mfululizo. Watu hupoteza vyombo mlangoni siku ambayo hakuna upepo wala wingu, kwa sababu walitazama maji kwa dakika mbili wakaona shwari. Tazama robo saa nzima kabla ya kuingia au kutoka.

Unaweza kujua mapema yatafika lini. Zidisha kipindi kwa moja na nusu, upate mwendo wa fungu la mawimbi kwa noti. Sekunde 16 ni noti 24, sawa na maili 576 kwa siku. Dhoruba iliyo maili 2,500 kusini yako itakuletea mawimbi baada ya siku nne na kitu. Tazama ramani ya bahari za kusini hata kama hutakwenda huko kamwe.

Onyo: programu nyingi huonyesha kwanza kimo cha jumla, mawimbi ya upepo na ya mbali yakiwa yamechanganywa. Fungua tabaka moja moja. Mawimbi mawili yanayotoka pande tofauti, hata ya mita moja kila moja, hukutana na kufanya bahari ya vurugu isiyokuwa na mpangilio.

Hatua ya 7: Tafuta tufani

Hapa ndipo lilipo jibu la swali la noti 8 na noti 35. Tufani ninayoisema ni upepo wa ghafla unaoshuka kutoka kwenye wingu kubwa la mvua. Hudumu dakika 20 hadi 40, kwa kawaida na noti 25 hadi 40, wakati mwingine zaidi. Data za GFS zinazosambazwa kwa kawaida huigawa bahari katika miraba ya takribani kilomita 28 kila upande. Wingu la kilomita 10 halina pa kukaa katika mraba huo. Modeli huchukua upepo wa kabla, wa wakati wa tufani na wa baada, ikaukoroga, ikakupa noti 8. Haikudanganya. Ilijibu swali lingine.

Kwa hiyo tufani hutafutwa kwa njia nyingine.

Kwanza, fungua tabaka la mvua badala ya la upepo. Madoa mazito ya mvua kwenye njia yako yanakwambia kwamba mawingu marefu yanaweza kujengeka eneo hilo, ingawa doa lenyewe huenda likahama maili 50 kutoka lilipochorwa. Kipimo kiitwacho CAPE, cha nishati ya hewa inayoweza kujenga mawingu ya radi, ambacho wengi hukipenda, hakisaidii sana hapa: juu ya bahari yenye joto huwa kikubwa karibu kila siku.

Pili, chukua picha mbili za infraredi zilizopishana saa tatu. Vilele vya baridi kali huonekana vyeupe sana au kwa rangi kali, kutegemea programu. Uliza: bonge hili linakua au linafifia, na linakwenda wapi? Picha moja haijibu.

Tatu, jua saa zake. Juu ya bahari ya wazi mawingu haya hupata nguvu zaidi usiku wa manane hadi alfajiri. Karibu na nchi kavu yenye joto hujengeka alasiri juu ya ardhi, kisha mengine husukumwa baharini usiku. Ndiyo maana waliozoea hupunguza tanga kabla ya magharibi, hata jioni ikiwa tulivu.

Nne, ukiwa njiani tumia macho na dira. Pima mwelekeo wa ukingo wa kushoto wa wingu na wa kulia, subiri dakika tano, pima tena. Kingo zote mbili zikihamia upande mmoja, linakupita. Ukingo wa kushoto ukienda kushoto na wa kulia ukienda kulia, linakuja kwako. Wingu linalotembea noti 20 likiwa maili 10 kutoka ulipo linakupa nusu saa. Dalili za mwisho ni wingu la chini lililojikunja kama mkeka, baridi ya ghafla usoni, na mstari mweupe wa povu juu ya maji. Ukiuona mstari huo, muda wa kupunguza tanga umekwisha kupita. Shika usukani, watu wakae chini, vifuniko vifungwe.

Makosa ya kawaida: kuliweka tanga lote tena mara mvua inapokatika. Nyuma ya tufani ya kwanza mara nyingi pana ya pili.

Hatua ya 8: Katika msimu wa vimbunga, pima umbali kwa kanuni ya 1-2-3

Kimbunga huhitaji maji yenye joto la takribani nyuzi 26.5 za Selsiasi na zaidi, na ni nadra kuzaliwa ndani ya nyuzi 5 za Ikweta. Msimu wa kusini-magharibi mwa Bahari ya Hindi ni hasa Novemba hadi Aprili. Wa Atlantiki ni Juni hadi Novemba. Kaskazini mwa Bahari ya Hindi kuna vilele viwili, kabla na baada ya mvua za kusi. Kaskazini-magharibi mwa Pasifiki vinaweza kutokea mwezi wowote. Vituo sita vya kikanda vinavyotoa taarifa rasmi za vimbunga viko Miami, Honolulu, Tokyo, New Delhi, La Réunion na Nadi. Maji ya karibu na Australia huhudumiwa na ofisi ya hali ya hewa ya nchi hiyo.

Katika taarifa ya kimbunga tafuta vitu viwili: mahali kitovu kitakapokuwa baada ya saa 24, 48 na 72, na umbali kutoka kitovu ambapo upepo bado unafika noti 34. Kisha ongeza maili 100 kwa saa 24, maili 200 kwa saa 48, na maili 300 kwa saa 72, kwa ajili ya makosa ya utabiri. Mfano: baada ya saa 48 upepo wa noti 34 utafika maili 120 kutoka kitovu. Ongeza 200, upate 320. Chora duara la maili 320 kuzunguka kitovu hicho, na usiwe ndani yake wakati huo. Hilo ndilo jibu la swali la maili 400: umbali wa leo hausemi kitu mpaka uuweke pamoja na mahali kinakoelekea kesho na keshokutwa.

Usikitazame kimbunga kama nukta kwenye ramani wala kama mstari mmoja mwembamba. Freddy wa mwaka 2023 alianza karibu na kaskazini-magharibi mwa Australia, akavuka Bahari ya Hindi yote, akapiga Madagaska na Msumbiji, akarudi baharini na kuipiga Msumbiji tena. Shirika la Hali ya Hewa Duniani limethibitisha kuwa alidumu siku 36.

Ukijikuta karibu licha ya hayo yote: kusini mwa Ikweta upande mbaya zaidi ni wa kushoto wa njia ya kimbunga, ukitazama kinakokwenda. Kaskazini mwa Ikweta ni wa kulia. Upe upepo kisogo: kusini ya Ikweta kitovu kiko mkono wako wa kulia, kaskazini kiko kushoto.

Hatua ya 9: Weka mkondo na pwani, kisha uamue

Upepo ukivuma kinyume cha mkondo, mawimbi hufupika na kusimama wima. Noti 15 huwa kama 25. Mlango wa mwamba wakati maji yanapokupwa kwa kasi, hasa siku za bamvua, ukipigwa na mawimbi ya mbali kutoka nje, ni mahali pa kuepuka bila mjadala. Karibu na nchi, upepo wa nchi kavu wa alfajiri na upepo wa bahari wa alasiri havionekani vizuri kwenye modeli kubwa. Kwenye rasi na kati ya visiwa upepo huongezeka kwa kubanwa.

Sasa andika ukurasa mmoja. Unaweza kuwa hivi:

*Kuondoka saa kumi na mbili asubuhi. Onyo: hakuna. Upepo kusini-mashariki 14 hadi 18; mchana ECMWF 16, GFS 22, natumia 22. Mawimbi ya upepo mita 1.2, sekunde 5. Ya mbali mita 1.6, sekunde 15, kutoka kusini. Mlango unatazama kusini. Maji yanaanza kupwa saa kumi na moja na nusu alfajiri. Satelaiti: bonge la wingu maili 60 kusini-mashariki, limekua tangu picha iliyopita. Kikomo chetu: noti 20.*

Hakuna mstari mmoja humo unaotisha ukisomwa peke yake. Ukisomwa wote, unatoka mlangoni maji yakikupwa dhidi ya mawimbi marefu, wingu linalokua liko upande wa upepo, na mchana kikomo kimevukwa. Jibu ni kubaki, na kutazama upya utabiri unaofuata.

Hatua ya 10: Ukiwa njiani, endelea kupima

Andika barometa kila saa. Katika tropiki mgandamizo hupanda na kushuka mara mbili kwa siku bila sababu ya kuhofisha: kilele ni karibu saa nne asubuhi na saa nne usiku, bonde ni karibu saa kumi alfajiri na saa kumi alasiri, tofauti ikiwa kama hektopaskali 3. Kwa hiyo linganisha saa nne ya leo na saa nne ya jana, usilinganishe na saa iliyopita. Ikiwa imeshuka 3 chini ya kawaida ya saa hiyo, kuwa macho. Ikiwa imeshuka 5, chukulia kuwa kuna kimbunga au kinachozaliwa jirani, na utafute taarifa mpya mara moja.

Tumia maji kama kipimo cha upepo. Vichwa vyeupe vya hapa na pale huanza karibu noti 10 hadi 12. Vikijaa kila upande ni kama 17 hadi 21. Povu likianza kuvutwa kwa mistari ni 28 na zaidi.

Mambo yakienda kombo

*Utabiri ni noti 10, nje kuna 22 na hakuna wingu.* Angalia kwanza tarehe na saa ya utabiri. Ikiwa ni mpya, huenda uko kwenye rasi au mlango kati ya visiwa. Isipopungua ndani ya saa mbili, acha kuuamini utabiri huo kwa siku nzima na urudi kwenye mipaka yako.

*Modeli mbili zinapingana kabisa.* Hutokea sana kukiwa na kimbunga kinachojijenga au ukanda wa mvua unaohama. Usichukue wastani wao. Subiri utabiri unaofuata. Kama hauwezi kusubiri, panga kwa ile mbaya. Upepo uliopimwa na satelaiti kama zile zenye kipimo cha ASCAT unaweza kukuonyesha modeli ipi ilianza na picha sahihi.

*Vituo viwili vinatoa nguvu tofauti kwa kimbunga kilekile.* Miami hutumia wastani wa dakika 1, New Delhi dakika 3, vingine vingi dakika 10. Wastani wa dakika chache hutoa namba kubwa zaidi. Tazama duara la noti 34 na njia. Hizo ndizo zinazokuhusu.

*Mtandao umekatika katikati ya safari.* Kabla ya kuondoka pakua faili za utabiri ziitwazo GRIB za siku tano. Ni ndogo na husomwa bila mtandao. Baada ya hapo una barometa, mawingu, na mawimbi. Mawimbi marefu mapya yanayoanza kuja kutoka upande usio wa upepo, huku barometa ikiteremka, ni habari ya kimbunga kilicho mbali. Meli inayopita inaweza kukusomea taarifa ukiiita kwa VHF idhaa ya 16, kisha mkahamia idhaa nyingine.

*Umefika mlangoni na mawimbi yanavunjika, giza linakaribia.* Rudi nje kwenye kilindi, punguza mwendo, ukae usiku kucha maili kadhaa kutoka kwenye mwamba, upande ambao upepo na mkondo havikusukumi kuurudia. Waarifu walio nchi kavu kwa redio. Asubuhi, maji yakiwa yamejaa na jua likiwa nyuma yako, tazama robo saa ndipo uingie.